Bi Mgeni Hakuchukuliwa

Wanaosema kwamba Bi Mgeni alichukuliwa na bintiye akarudishwa kwao wanasema uongo. Nimewasikia. Kuna mwongoza watalii mmoja anayetoka na wageni wake Ngome ya Yesu, akawapitisha Kibokoni, akawasimamisha chini ya nyumba ile na kuwaonyesha dirisha la ghorofa ya pili. Huwasimulia kwa Kiingereza cha kupendeza habari za bibi mzungu aliyeipenda Mombasa mpaka uzee ukamshinda, mwanawe akaja akamchukua. Wageni husikitika kidogo, hupiga picha, huendelea na safari. Nimemwambia mara nyingi kwamba hadithi yake si ya kweli. Hunijibu kwamba wageni wanaipenda. Basi naiandika iliyo kweli, mimi niliyekuwepo. Bi Mgeni hakuchukuliwa na mtu. Alifia kitandani mwake, Kibokoni, dirisha likiwa wazi, na siku ile hakuna duka la mtaani kwetu lililofunguliwa kabla ya adhuhuri.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala wazazi wake walikuwa nani. Hakupenda kuulizwa, na aliyemuuliza alijibiwa, "Mimi natoka hapo juu," huku akionyesha ngazi zake. Inatosha kusema kwamba kwao ni nchi ya baridi, kwamba mumewe alikuja kufanya kazi ya uhandisi bandarini akafa huku, na kwamba yeye alibaki. Tulimwita Bi Mgeni tangu mwanzo, na jina likakaa hata watoto waliomkuta walipokuwa na watoto wao. Alilivaa jina lile kama kanga ya zawadi: rangi yake asingeichagua mwenyewe, lakini hakuivua.

Nami nijitaje, maana bila hilo hamtajua kwa nini nilimwelewa kuliko wengine. Mimi ni fundi wa mitambo ya baridi. Nina karakana Makadara, na ukutani pana stashahada yangu ndani ya fremu. Niliipata ng'ambo kwa jasho langu, nikisafisha ofisi za watu alfajiri na kwenda darasani jioni, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliokuwa wakinipisha nipite kana kwamba nimekuja kufagia. Niliporudi nikasema nafungua karakana, wanaume wa Makadara walicheka mpaka wakashika mbavu. Leo mafriji ya wake zao yako kwangu. Sioni haya kulisema. Aliyelipata jambo kwa kupewa anaweza kunyamaza, mimi sikupewa.

Bi Mgeni alikuja kwangu na friji lake mwezi wa kwanza wa kazi yangu, wakati sina mteja hata mmoja. Hakutuma mtu kuniita. Alikodi mkokoteni, akatembea ubavuni mwake tangu Kibokoni mpaka Makadara, mkono mmoja juu ya friji kama mtu anayemsindikiza mgonjwa. Nilimwambia angenipigia simu tu, ningekwenda mwenyewe kulichukua. Akaniuliza kama mimi nina miguu miwili. Nikasema ninayo. "Na mimi," akasema, akaketi kwenye kreti ya soda kungoja. Alingoja mpaka nikamaliza. Alitaka kuonyeshwa kila kifaa nilichokitoa na kukitaja jina. Alipoondoka alisimama mbele ya fremu yangu akaisoma mstari kwa mstari, kisha akasema kwa sauti iliyowafikia wauza viazi wa upande wa pili, "Hii si kazi ndogo." Wiki ile nilipata wateja wangu wa kwanza.

Kila asubuhi alishuka ngazi zile kali na kikapu chake cha ukili. Mzunguko wake ulijulikana. Kwanza baraza la wazee mbele ya msikiti, ambapo hakupita bila kusimama na kuwaambia "sabalkheri" mmoja mmoja, na asiyeitikia vizuri aliambiwa tena. Halafu mkate wa mofa. Halafu samaki. Halafu Marikiti kwa mboga na bizari, na mwisho Makadara, kwa mshonaji wake au kwangu. Kulipa umeme alikwenda mwenyewe. Kuchukua barua posta alikwenda mwenyewe. Siku hizi kila kitu mtu huagiza kwa simu na kijana wa boda akakileta mlangoni, na wapangaji wengine wa kizungu Mji wa Kale hawajui hata kitunguu kinauzwa wapi. Bi Mgeni aliwapita na kikapu chake bila kuwatazama. Aliniambia siku moja kwamba watu wale hawaishi Mombasa, wanaishi kwenye simu zao, na Mombasa ni picha iliyotundikwa nyuma.

Lakini kilichomtambulisha zaidi ni swali lake. Alipofika mahali penye watu wanaongoja, hakusogea mbele wala hakusimama pembeni. Aliuliza, "Nani wa mwisho?" Ndivyo wanavyofanya kwao, alinieleza: huna haja ya kusimama mstarini, mjue tu aliye mbele yako, mkumbuke uso wake, kisha keti popote. Mwanzoni watu hawakumwelewa. Muuza mkate alidhani bibi anauliza mkate wa mwisho akamwekea kando. Wengine walimvuta mbele kwa heshima, kama tunavyomvuta mbele mtu mzima yeyote, na kama tunavyomvuta mbele mzungu yeyote, jambo ambalo hatulisemi lakini tunalifanya. Yeye alirudi nyuma. Ilikuwa kama kuvuta punda. Katika benki moja hapa mjini, askari wa mlangoni alimshika mkono akampeleka mpaka dirishani, mbele ya watu waliokuwa wameketi tangu asubuhi. Bi Mgeni aligeuka, akawatazama, akauliza nani wa mwisho. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akainua mkono. Bi Mgeni akaenda akaketi karibu naye. Askari alitahayari, akamwambia kwamba anamsaidia. Naye akamjibu kwamba kabla ya kumsaidia hakumuuliza yule mwenye mtoto.

Msidhani alikuwa mtu wa kunyooka kama rula. Alikuwa amejaa mapindi. Alikataa kusaidiwa, ila yeye akikusaidia huponi. Alimnyang'anya mjamzito wa jirani ndoo ya maji akapanda nayo ngazi, na siku mbili alilala kwa maumivu ya mgongo akisema ni upepo. Alisema hapendi paka, paka wa Kibokoni ni wezi na wamelaaniwa, lakini matumbo ya samaki wake yote yaliishia kwenye kigae nyuma ya mlango wake, na paka walijua saa. Aliwasema vibaya watu wa kwao, baridi yao, na ukimya wao, na chakula chao kisicho chumvi, lakini ndani ya friji lile nililolitengeneza mimi kulikuwa na mikebe ya samaki wao wa siki ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuigusa. Mwezi wa Ramadhani hakula wala kunywa nje mchana, kwa adabu, na alasiri alisimama na wafungaji kungojea viazi vya karai, akinung'unika njaa kuliko waliofunga.

Wauza vinyago wa karibu na Ngome walimjua, na walio wapya katika kazi hiyo walimjua kwa kukaripiwa. Kijana akimwita "jambo, mama, karibu uangalie," alisimama, akamuuliza ni mtoto wa nani, anakaa mtaa gani, na kama mamake anajua kwamba anawasalimu watu wazima namna hiyo. Alisema kwa Kiswahili cha huku kwetu, kile cha wazee, alichokiokota kwa muuza samaki na muuza bizari. Neno lake nililolipenda kuliko yote ni hili alilonijibu nilipomuuliza kwa nini asimlipe mtu wa kumnunulia vitu. "Mwanangu," aliniambia, "mgeni ni yule asiyejua chumvi inauzwa wapi. Mimi najua."

Neno lile lilinikaa kwa sababu nilikuwa nimeliishi. Ng'ambo, mji niliosoma, sisi Wakenya tulikuwa na mtindo wetu. Aliyejua lugha vizuri alitumwa na wote: dukani, posta, kwa daktari. Wengine walikaa vyumbani miaka wasijue barabara ya pili inakwenda wapi. Mimi nilikataa. Nilikwenda dukani mwenyewe, na mara ya kwanza nilitafuta chumvi kwenye rafu zote mpaka macho yakaniuma, kwa kuwa yao ilikuwa ndani ya mikebe mirefu kama ya poda ya mtoto. Mwanamke wa kwenye kaunta alizungumza nami polepole na kwa sauti kubwa, kana kwamba mimi ni kiziwi, na chenji aliiweka mezani asinipe mkononi. Nikaamua kwamba kaunta yangu ni ile ile. Kulikuwa na nyingine ambazo hazina watu. Nilipanga foleni kwa yule yule. Majira ya baridi yakaja, yakaenda, yakaja tena. Siku aliyonisalimu kwanza, kabla sijamsalimu, nilitoka na mfuko wangu nje kwenye theluji nikajiona nimeshinda kuliko siku ya kupewa stashahada. Kwa hiyo Bi Mgeni alipopita mbele ya karakana yangu na kikapu chake, bega moja chini, mimi sikumwona bibi mzungu mwenye vituko. Nilijiona mimi, kwa nyuma.

Mtu ambaye hakuliona hivyo ni mamangu.

Mamangu anakaa nyumba inayotazamana na ile ya Bi Mgeni. Kichochoro kilicho katikati ni chembamba kiasi kwamba ukipika pilau upande huu, upande wa pili wanajua umesahau mdalasini. Mamangu ni mtu wa Kibokoni wa tangu na tangu, na mtu wa namna hiyo haendi sokoni. Hutuma. Anaketi dirishani na bangili zake, anajua nani anapita, na wapitao wanajua wataitwa. Samaki humjia mlangoni, mboga humjia, mshonaji humjia. Kwake, mtu mzima kubeba kikapu mwenyewe si ushujaa. Ni aibu, na aibu yenyewe si yake yeye abebaye, ni ya jirani zake. Watu wakimwona watasema Kibokoni hakuna watu.

Kwa hiyo kila asubuhi kulikuwa na vita vidogo. Bi Mgeni akitoka, mamangu alimwita dirishani, akamwambia asubiri, yuwaja mtu wa kumbebea. Bi Mgeni alimshukuru, akaendelea. Mamangu alimtuma mtu amkimbilie akichukue kikapu. Bi Mgeni alikishika kwa mikono miwili. Mamangu alinilaumu mimi, alisema nimemtia kiburi kwa mambo yangu ya ng'ambo. Nilimjibu kwamba ndivyo watu wanaojitegemea wanavyoishi. Akaniambia nyamaza, hujui unachokisema, stashahada yako ni ya mafriji. Sikunyamaza. Nilikuwa upande wa Bi Mgeni, wazi kabisa, na nilisema barazani na popote kwamba mwanamke yule ana haki ya kubeba kikapu chake mpaka siku ya mwisho.

Kisha masika yakaja, ngazi zikalowa, naye akaanguka.

Alivunjika mguu karibu na nyonga. Hospitali walimfunga, wakamlaza, wakamrudisha nyumbani amebebwa kwa kiti, na walimwambia kwamba mguu ule utapona kwa kutembea ndani ya nyumba. Ngazi zile azisahau. Bintiye akafika baada ya siku chache. Alikuwa mwanamke mpole, mchovu wa safari, mwenye kupenda kumshika mamake mkono. Sina neno baya juu yake. Alikuja na jambo moja tu: huko kwao kuna nyumba nzuri ya wazee, kila kitu huletwa mpaka chumbani, na nafasi imepatikana. Alinieleza hayo mimi kwa Kiingereza, kwenye ukumbi mdogo wa juu, kwa kuwa mamake alikuwa hataki kuyasikia.

Nilimwambia kwamba hapa pia yupo mtu wa kumletea kila kitu. Watu wako tele. Akanitazama kwa matumaini, akaingia ndani kumuuliza mamake kama ni kweli, nami nikamfuata. Bi Mgeni alikuwa ameketi kitandani, nywele zimechanwa, mguu umenyooshwa juu ya mto.

"Hakuna mtu wa kuniletea," alisema. "Nitashuka mwenyewe. Nitashuka kwa makalio."

Bintiye akanigeukia akafungua mikono. Basi ndivyo alivyoamua: atakaa mpaka mwisho wa wiki ile, na kama mamake hatakubali kutumikiwa hapa, watasafiri pamoja. Hawezi kumwacha mtu mwenye mguu uliovunjika juu ya ngazi kama zile kwa ahadi za barazani. Kusema kweli, ningekuwa yeye ningesema vivyo hivyo.

Nilikwenda nyumbani nimeshika kichwa. Nikamweleza mamangu, nikitaraji kuambiwa si nilikwambia. Hakusema. Alivaa buibui lake, akashuka ngazi zake, akavuka kichochoro, na akazipanda ngazi za Bi Mgeni. Mjue kwamba katika miaka yote ile alikuwa hajapata kukanyaga nyumba ile. Walijuana kwa madirisha. Alifika juu anahema, akasalimu, akauliza hali ya mguu, na akakataa kiti mpaka alipokaribishwa mara ya tatu. Kisha akanitaka niwe mkalimani wake kwa yule binti.

"Mwambie," alisema, "mimi mara ya mwisho kwenda sokoni nilikuwa sijaolewa."

Nikamwambia.

"Mwambie aniangalie vizuri. Mimi ni mgonjwa?"

Binti alimwangalia. Mamangu si mtu wa kumwonea huruma; alijaa kile kiti chote. Binti akasema hapana, haonekani mgonjwa. Bi Mgeni, ambaye hakuhitaji mkalimani, aliinua kichwa.

"Kubeba kikapu hata punda aweza," mamangu akasema, sasa akimtazama Bi Mgeni mwenyewe. "Miaka yote hii wewe wafanya kazi ya punda, na mimi hapo dirishani nakuonea uchungu. Kazi ni kutuma."

"Kutuma ni kukaa," Bi Mgeni akasema.

"Wewe umepata kutuma?"

Bi Mgeni akautazama mguu wake.

"Basi tuma. Huyu hapa," akanionyesha mimi. "Mtume kitunguu."

Nilikuwa na wateja wawili wanaoningoja Makadara na kontena la baridi la muuza nyama ambalo barafu yake ilikuwa inayeyuka. Lakini nilisimama pale, fundi mwenye cheti, nikingoja kutumwa kitunguu. Bi Mgeni alinitazama, akaona haya, akaanza kwamba tafadhali, kama nina nafasi, na kama si usumbufu, nikipita karibu na Marikiti.

Mamangu akamkatiza. "Hivyo si kutuma. Hivyo ni kuomba. Ukiomba utaletewa kilichobaki."

Alimweleza, kwa subira ambayo mimi mwanawe sikuwahi kuiona, kwamba anayetuma lazima aseme anataka nini, kwa nani, cha namna gani, na kitakapokuja akikague mbele ya aliyekileta. Kikiwa sicho, kinarudi. Hapo ndipo muuzaji anapojua kwamba katika nyumba ile yupo mwenyewe. Nyumba isiyorudisha kitu, alisema, sokoni wanahesabu imekufa.

Ningependa kusema kwamba Bi Mgeni alishika somo siku ile ile. Hakushika. Siku zilizofuata tulimnunulia vitu, mimi na jirani wengine, na yeye alikubali kwa sababu ya bintiye. Lakini alikubali kama mtu anayelipa faini. Hakusema anataka nini. Alisema chochote. Akiletewa mchicha ulionyauka, alisema ahsante. Akiletewa mkate wa jana, alisema ahsante sana. Kila kilichoingia mlangoni alikishukuru kwa sauti ndogo, na kila siku sauti ikawa ndogo zaidi. Alikula kidogo. Aliacha kuuliza habari za mtaani. Mamangu kule dirishani aliona sahani zinazotoka zimejaa, akanyamaza, na mamangu akinyamaza ni jambo zito.

Bintiye naye aliona. Aliniambia ngazini kwamba ananishukuru, sote tumejitahidi, ila mamake anazimika mbele ya macho yake, na ikiwa ni kuzimika basi azimike karibu na mwanawe. Tiketi alikuwa ameshakata, mbili. Walikuwa waondoke kesho yake. Chumbani sanduku dogo la mamake lilikuwa wazi juu ya kiti, na ndani yake niliona kanga tatu zilizokunjwa na picha ya marehemu mumewe.

Nilikasirika. Nilimkasirikia binti, nikamkasirikia mamangu na elimu yake ya dirishani, na zaidi nikamkasirikia Bi Mgeni mwenyewe, mwanamke aliyemrudisha nyuma askari wa benki, sasa anashukuru mchicha ulionyauka. Niliingia nikasimama mbele ya kitanda. Nikamwambia kwamba ninakwenda sokoni, na kwamba sikuja kuuliza kama anahitaji kitu. Nimekuja kuambiwa.

Aligeuka akalitazama sanduku. Bintiye alikuwa akikunja nguo.

"Changu," akasema mwisho. "Wawili. Kwa yule muuza samaki wa pembeni, mwenye jicho bovu. Si kwa nduguye. Wa leo."

Nilikwenda mbio. Mwenye jicho bovu alikuwa amezungukwa na watu, na kijana wangu wa karakana alikuwa ananipigia simu kwamba muuza nyama amefika na anafoka. Nikapewa samaki wawili wamefungwa tayari kwenye gazeti, nikalipa, nikarudi. Nilipanda ngazi zile hatua mbili mbili. Nikamwekea furushi mapajani, nikajifuta jasho, na kwa kweli nilikuwa nangoja ahsante yangu.

Bi Mgeni alifungua gazeti. Alimgeuza samaki wa kwanza, akamfunua shavu kwa kidole gumba, akatazama ndani, akamnusa. Akamgusa jicho. Akafanya vivyo hivyo kwa wa pili. Ng'ambo ya kichochoro mamangu alikuwa dirishani, na alikuwa ameacha kupeta mchele.

"Huyu wa leo," Bi Mgeni akasema. "Huyu wa jana. Mrudishe."

Nilimwambia kwamba soko limefurika, kwamba karakana wananingoja, kwamba huyo wa pili atafaa kwa mchuzi wa nazi, nazi itamficha.

"Sikukuuliza atafaa nini," alisema. "Nimesema wa leo." Akamfunga samaki kwenye gazeti upya, vizuri, akakunja pembe kama bahasha, akaninyooshea. "Na mwambie nimemwona. Mwambie nimevunjika mguu, sikuvunjika pua. Na ukirudi pitia ndimu, za ngozi nyembamba, zile za mwaka jana zilikuwa mawe."

Shavu lilimwiva. Alijisogeza mwenyewe juu ya mto, akaivuta ile shuka ikanyooka. Sijui mara ngapi nimepokea sifa katika maisha yangu. Nimepokea nyingi, na nimezipenda zote. Sikuwahi kufurahi kama nilivyofurahi kufokewa kwa ajili ya samaki yule.

Nikaupokea ule mfuko wa gazeti, nikageuka, nikashuka. Nilikuwa katikati ya ngazi niliposikia bintiye akiuliza, kwa lugha yao na kisha kwa Kiingereza kwa sababu mamake hakumjibu, yule dada amekwenda wapi tena, kumetokea nini.

Bi Mgeni akamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti iliyovuka kichochoro.

"Nimemtuma."